Mgonjwa Si Gunia la Viazi: Kwa Nini Muuguzi Anawazuia Kumbeba Mzee Wenu

Lalamiko tunalolisikia sana kwa ndugu wa wagonjwa hapa Mbeya ni hili: "Vijana tupo wanne, nguvu tunazo, mbona tunazuiwa kumhamisha mzee?" Nia ni njema na tunaishukuru. Ila wengi mnabeba kwa mazoea ya sokoni. Aliyezoea kupakia lumbesa anajua gunia likishakaa begani limetulia. Mgonjwa hatulii. Anashtuka, anang'ang'ania kitanda, anakukaba shingo, na uzito wote unakuelemea ukiwa umeinama.

Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mhudumu asinyanyue kwa mikono zaidi ya takribani kilo 16 za mwili wa mgonjwa, tena hali ikiwa nzuri. Mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 90 unakaribia kilo 15. Ndiyo maana wodini tunatelezesha badala ya kunyanyua. Machela inagusanishwa na kitanda, breki zote zinafungwa, kitanda kinawekwa juu kidogo kuliko machela, shuka linakunjwa hadi karibu na mwili, na anayehesabu "moja, mbili, tatu" ni mmoja, aliye kichwani. Wengine wote kimya.

Kwapani hapashikwi. Mwenye kiharusi ukimvuta mkono uliopooza, bega linaweza kuteguka, akateseka kwa miezi. Majeruhi wa bodaboda anayehisiwa kuvunjika shingo hageuzwi mpaka watu watoshe, mmoja wao akishika kichwa tu. Na mkanda wa kiunoni, ule anaouvaa mbebaji kukinga mgongo, haumpi mtu ruhusa ya kubeba peke yake. Hili tumelisema mara nyingi mno.

Kwenu wahudumu: mgongo ukikaza ukiwa kazini, toa taarifa siku hiyohiyo, kwa maandishi. Usijichue nyumbani ukanyamaza. Mwajiri anatakiwa kuujulisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ndani ya siku 7 baada ya kupata habari, na ukiacha miezi 12 ipite bila taarifa, haki ya fidia inaweza kupotea. Taja tarehe, saa, wodi, ulikuwa unafanya nini na nani alishuhudia. Fomu yenye neno "mgongo" pekee haitusaidii.

Maelezo haya hayachukui nafasi ya maelekezo ya anayemhudumia mgonjwa wenu. Usiku muuguzi akiwa peke yake wodini, atawaita wenzake wa wodi ya jirani kabla ya kumgusa mzee. Subirini pamoja naye.