Je, wajua ni pesa za nani zilizoirefusha Dar es Salaam?

Panda pantoni Kigamboni, simama ubavuni, tazama mjini. Utakachokiona kwanza ni maghorofa ya Barabara ya Sokoine: minara pacha ya PSPF yenye ghorofa 35, na jirani yake jengo la Mamlaka ya Bandari. Chini yake, ukitafuta vizuri, utaviona vinara vya Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Enzi za Wajerumani, walipoyajenga makanisa hayo, hapakuwa na kitu kingine mjini cha kushindana nayo kwa urefu.

Swali si kwa nini mji umerefuka. Miji hurefuka. Swali ni kwa nini huu ulikaa chini miaka mingi hivyo, kisha ukapaa kwa mkupuo. Ukiuliza mtaani utaambiwa "maendeleo", jibu ambalo halielezi kitu. Nairobi ilimaliza KICC, jumba lake refu la mikutano, mwaka 1973. Wakati huo sisi fahari yetu ilikuwa bado Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa 1965, na hatukuwa na haraka ya kuipita.

Hatukuwa na haraka kwa sababu aliyekuwa na hela hakuwa na sababu ya kujenga. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo: nyumba iliyopangishwa, yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ikawa mali ya serikali chini ya Msajili wa Majumba. Wengi walionyang'anywa walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na baadhi yao walifunga virago wakaondoka nchini. Ni nani basi angethubutu kupandisha ghorofa la kupangisha, akijua hatima yake? Miaka miwili baadaye ikaamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, kwa hiyo hata serikali yenyewe ikawa na sababu ya kutoujaza mji huu ofisi.

Mlango ulifunguliwa kidogokidogo. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza miiko ya viongozi, na mwaka huohuo sheria ikaruhusu benki binafsi. Lakini mikopo mirefu ya nyumba ilikuwa haipatikani, na Benki ya Nyumba ilikufa katikati ya miaka ya 1990. Mtu wa kawaida alijenga kwa kudunduliza, tofali kwa tofali, huko Mbezi, Tegeta na Chanika. Mji ukatambaa kabla ya kusimama.

Waliousimamisha ni mifuko ya pensheni. Mfanyakazi hukatwa mchango kila mwezi, lakini mafao yake ni ya miaka mingi mbele. Kwa hiyo mfuko hukaa na rundo la fedha ambazo, zikiachwa zilale, mfumuko wa bei unazila. Kwa kuziweka, mifuko haikuwa na uchaguzi mpana. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 likiwa na kampuni za kuhesabu kwa vidole. Kiwanja cha katikati ya mji hakishuki thamani kirahisi, na jengo la ofisi huleta kodi kila mwezi. Ndiyo maana majina ya majengo makubwa yalisomeka kama orodha ya makato kwenye hati ya mshahara: PPF, PSPF, NSSF. Hata Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, sehemu kubwa ya gharama yake ililipwa na NSSF.

Kwa maoni yangu, milangoni mwa majengo hayo pangestahili kibao kinachowataja walimu na manesi. Pangestahili pia swali la kama ilikuwa busara. Wizara zilipohamia Dodoma kwa vitendo kuanzia 2016, zege lilikosa baadhi ya wapangaji wake wakubwa, na mwaka 2018 mifuko minne ikaunganishwa kuwa mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF.

Sasa, alama za zamani za mji, yale majengo yaliyobomolewa, zilikufaje? Angalia mwenye hati. Nyumba za ghorofa moja au mbili za Kisutu na mitaa ya Jamhuri na Indira Gandhi, zile zenye roshani na mwaka wa ujenzi uliochongwa usoni, zilikuwa zimetoka kwa Msajili na kuangukia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Aliyeishi humo alikuwa mpangaji tu. Shirika likatoa kiwanja, mwekezaji akaleta fedha, wakagawana ghorofa. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria inayomwezesha mtu kuwa na hati ya sehemu ya jengo, na biashara ikachangamka zaidi. Machi 29, 2013, ghorofa 16 za mradi wa aina hiyo uliokuwa ukijengwa ziliporomoka karibu na msikiti, zikaua watu 36.

Mgahawa wa Salamander pale Samora umeondoka, jina limebaki kwa mnara. Sinema ya Drive-In ya Msasani, watu walikotazama filamu wakiwa ndani ya magari, sasa ni ubalozi wa Marekani. Zilizosalia ni zile zenye mwenyewe asiyetafuta mpangaji: makanisa, sanamu ya Askari ya 1927, na Boma la Kale la Sultani Majid, la miaka ya 1860.

Kariakoo ina kanuni yake. Kule nyumba za Kiswahili za vyumba sita zilikuwa za familia zenyewe. Warithi waliuza au wakaingia ubia na wafanyabiashara, na kwenye kiwanja kilekile chembamba likasimama ghorofa la fremu za maduka, ukuta kwa ukuta na la jirani. Novemba 16, 2024, mojawapo liliporomoka watu wakiwa ndani. Rais Samia akaagiza majengo yote ya Kariakoo yakaguliwe.