Runi: herufi za kale za Skandinavia, na matumizi yake katika ramli na uganga

Runi ni herufi. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaokutana nazo leo huzikuta zimechorwa kwenye vijiwe ndani ya kifuko, pamoja na kijitabu cha kuagulia, wakaamini kwamba ndiyo kazi zilizobuniwa kuifanya. Zilibuniwa watu waandike. Katika nchi ambazo leo ni Denmaki, Norwei, Uswidi na sehemu za Ujerumani, runi zimetumika tangu karne za mwanzo baada ya Kristo, na yaelekea walioziunda walikuwa wamekwisha kuona alfabeti za watu wa kusini, Waroma na majirani zao wa Italia. Kitana kilichopatikana kwenye kinamasi cha Vimose, Denmaki, kinakadiriwa kuwa cha mwaka 160 hivi. Juu yake zimechongwa runi tano tu: harja. Huenda ni jina la mwenye kitana.

Mpangilio wa runi huitwa futhaki, kutokana na sauti za herufi sita za mwanzo: f, u, th, a, r, k. Futhaki ya kale ina runi 24, ambazo kwa desturi hugawanywa mafungu matatu ya nane nane. Jiwe la Kylver, lililotoka kaburini katika kisiwa cha Gotland, Uswidi, limeandikwa mfululizo huo wote, nalo ni la mnamo mwaka 400. Baadaye, karne ya 8 hivi, Waskandinavia wakazipunguza zikabaki 16, wakati Waanglosaksoni wa Uingereza walikuwa wakienda njia nyingine ya kuziongeza hadi zikapita 30. Mistari yake ni ya wima na ya mshazari. Ule wa kulala hukwepwa, na maelezo yaliyozoeleka ni kwamba zilichongwa kwa kisu juu ya mti, ambapo mkato unaofuata nyuzi za mti hupotea au hupasua kijiti.

Kwa nini nisisitize uandishi kwa mtu anayetaka kuagua? Kwa sababu runi zilikuwa sehemu ya maisha ya kawaida, na anayezikuta humo huzielewa zaidi kuliko anayezikuta kwenye kifuko. Mwaka 1955 moto uliteketeza sehemu ya Bryggen, mtaa wa wafanyabiashara katika mji wa Bergen, Norwei. Wachimbuaji walipoingia, walipata maandishi ya runi zaidi ya 600, mengi yakiwa kwenye vijiti vya Zama za Kati: majina ya wenye mizigo, habari za biashara, sala za Kilatini, maneno ya mapenzi. Kijiti kimoja kinasema Gyda anataka urudi nyumbani. Kwenye shimo hilohilo vilikuwamo pia vijiti vya uganga, kwa herufi zilezile. Mkono ulioweza kuandika jina la mwenye gunia ndio ulioweza kuandika kinga.

Sasa ramli. Ushahidi wa kale unaotajwa mno ni wa Tacitus, mwandishi wa Kiroma, aliyeeleza desturi za Wajerumani mwaka 98. Anasema walikata tawi la mti wenye kuzaa matunda, wakalikatakata vipande, wakavitia alama fulani, kisha wakavimwaga ovyo juu ya kitambaa cheupe. Jambo likiwa la umma, kuhani ndiye aliyesimamia. Likiwa la nyumbani, baba mwenye mji. Msimamizi aliiomba miungu, akatazama juu mbinguni, akaokota vipande vitatu kimoja kimoja, akafasiri kwa kufuata alama. Jibu likiwa la kukataza, siku hiyo hawakuuliza tena habari ya jambo lile.

Tacitus hakuandika kwamba alama hizo zilikuwa runi, na maandishi ya runi ya kale kabisa tuliyo nayo hayatangulii wakati wake kwa mbali. Kwa hiyo kuunganisha runi na kutupa kura ni jambo tunalolijenga sisi kwa kukisia, na hakuna kitabu cha kale kinachoeleza hatua kwa hatua namna ya kuagua kwa runi. Anayekuuzia “njia ya Waviking” (mabaharia wapiganaji wa kale wa Skandinavia) iliyokamilika anakuuzia kitu cha karne ya 20. Lakini utaratibu wa Tacitus ni mzuri, na mimi naupenda kuliko mipangilio mingi ya siku hizi: kitambaa cheupe, vipande vitatu, na hakuna kurudia swali hadi upate jibu unalolitaka. Kanuni hii ya mwisho ndiyo inayovunjwa kuliko zote.

Kinachoiwezesha runi kufasirika ni jina lake. Kila runi ina jina, na jina hilo ni la kitu. Ya kwanza, fehu, ni mifugo, yaani mali. Uruz ni nyati mwitu wa Ulaya aliyekwisha kutoweka. Raido ni safari, gebo ni zawadi, hagalaz ni mvua ya mawe, naudiz ni shida, isa ni barafu, jera ni mwaka na mavuno yake, tiwaz ni mungu Tyr, laguz ni maji, othala ni urithi wa ardhi. Majina haya kwa umbo hili hayakuachwa na wachongaji wa kale. Wanaisimu wameyaunda upya kwa kulinganisha majina yaliyohifadhiwa baadaye. Moja halijapata maana ya hakika mpaka leo: perth. Shairi la Kiingereza cha kale linalihusisha na mchezo na kicheko mahali mashujaa wanapoketi, basi. Ukiona mtu anakupa maana tano za perth bila kusita, muulize amezitoa wapi.

Hapo ndipo penye utajiri wenyewe, kwenye mashairi ya runi. Yapo matatu makubwa: la Kiingereza cha kale lenye beti 29, la Norwei na la Aislandi yenye 16 kila moja. Yote yametufikia kupitia mikono ya Wakristo. Hati ya lile la Kiingereza iliungua London mwaka 1731, nasi tunalo kwa sababu lilikuwa limekwisha kuchapwa mwaka 1705. Kila ubeti unataja runi na kusema neno juu ya kitu chake, wakati mwingine kwa fumbo. Nayo hayakubaliani! Kuhusu mali, la Kiingereza linasema ni faraja kwa kila mtu, ila kila mtu aigawe kwa ukarimu akitaka heshima mbele ya Bwana. La Norwei linasema mali huleta ugomvi kati ya ndugu, kisha linamtaja mbwamwitu akikulia msituni. Mtu aliyeokota fehu anapaswa kuzishika kauli zote mbili na kujiuliza ni ipi inayogusa hali yake. Kijitabu kinachoandika “fehu: utapata fedha” kimemnyima muulizaji nusu ya jibu, tena ile nusu ambayo huenda ndiyo aliyoihitaji.

Chukua mfano. Mtu anajiuliza kama aache kazi ya mshahara aanze biashara yake. Anaokota naudiz, jera na laguz. Shairi la Kiingereza linasema shida hubana kifua, lakini mara nyingi huwa msaada na tiba kwa wanadamu wakiisikiliza mapema. Kuhusu jera linasema ni furaha ya watu, pale Mungu anapoiacha ardhi itoe mazao yake kwa tajiri na maskini. Na kuhusu laguz, maji yanaonekana hayana mwisho kwa walio katika chombo kinachoyumba. Mawimbi yanawatisha, na chombo hakisikii lijamu. Kwa pamoja nayasoma hivi: kinachokubana sasa kina onyo ndani yake, lisikilize kabla halijakomaa, mavuno yapo ila yana msimu wake na huwezi kuyaharakisha, na kuna kipindi utakuwa majini bila usukani. Runi hazijamwambia aache wala abaki. Zimemlazimisha aulize akiba yake itamchukua miezi mingapi, na kama amejiandaa kwa miezi ambayo hataidhibiti. Mwingine angezisoma vingine, na hapo ustadi unahesabika: kusoma vipande vitatu kama sentensi moja, ukiwa na mashairi kichwani.

Mambo matatu ya siku hizi yajulikane kwa umri wake. Runi tupu, ile isiyo na alama inayoitwa ya majaaliwa, ilienezwa na Mmarekani Ralph Blum mwaka 1982. Herufi isiyoandikika haikuwamo katika futhaki yoyote. Kusoma runi iliyogeuka kichwa chini kuwa na maana ya kinyume kunafanana na desturi ya taroti, karata za kuagulia, na isitoshe runi kadhaa, kama isa, gebo na dagaz, hazibadiliki ukizigeuza. Na mfumo wa runi 18 ulitungwa na Guido von List wa Vienna, aliyeutangaza kuanzia miaka ya 1900 akidai ulimfunukia alipokuwa kipofu kwa muda baada ya kufanyiwa upasuaji wa macho mwaka 1902.

Habari ya List haiishii kwenye uzushi wa kupendeza. Mawazo ya aina yake yalichukuliwa na Wanazi. SS, kikosi cha chama chao chenye silaha, kilivaa runi mbili za s kolani, na othala nayo ikatumiwa na vikosi vyao. Nchini Ujerumani kuonesha hadharani alama za SS ni kosa la jinai. Kabla hujachora runi mwilini au kuivaa shingoni, hasa kama unaishi Ulaya, ujue ni nani wengine wameibeba. Wapo waumini wa dini ya kale ya Skandinavia wanaopigania kuzirudisha runi mahali pake, na Aislandi chama chao, Ásatrúarfélagið, kilitambuliwa na serikali mwaka 1973.

Liko pia suala la dini ya msomaji mwenyewe. Uislamu unakataza kupiga ramli waziwazi, na makanisa mengi yanafundisha vivyo hivyo. Anayejifunza runi kwa ajili ya historia na lugha hana tatizo hilo; anayetaka kuzitumia kuagua alimalize na dhamiri yake kwanza. Huko huko Aislandi, katika karne ya 17, watu wapatao 20 walichomwa moto kwa uchawi, karibu wote wanaume, na karatasi zenye runi au michoro ya uganga ziliweza kuwa ushahidi wa kumwua mtu.

Upande wa uganga una ushahidi mwingi kuliko ule wa ramli. Katika shairi la Aislandi la Hávamál, Odin, mkuu wa miungu ya Skandinavia, anasimulia alivyoning’inia juu ya mti unaopigwa na upepo, usiku tisa kamili, amechomwa mkuki, ametolewa sadaka yeye kwa nafsi yake. Hakupewa mkate wala pembe ya kinywaji, mpaka akachungulia chini, akazinyakua runi huku akipiga ukelele. Kisha shairi linauliza: wajua kuchonga? wajua kusoma? wajua kupaka rangi? Ni mafunzo ya kazi ya mikono. Vitu vilivyochimbuliwa vinathibitisha. Hirizi ya mfupa ya Lindholm, kusini mwa Uswidi, ina runi ya a mara nane mfululizo, nyingine zikirudiwarudiwa, kisha neno alu, ambalo limo pia kwenye vidani vingi vya dhahabu vya karne ya 5 na ya 6 na linahesabiwa kuwa neno la kinga au baraka. Shairi jingine linasema runi zilikwanguliwa zikachanganywa na kinywaji kitakatifu zikapelekwa kote. Aliyewahi kuona kombe likiandikwa kwa zafarani, likaoshwa na kunywewa, hahitaji kuelezwa wazo hilo.

Simulizi inayofundisha kuliko zote ni ya Egill Skallagrímsson, mshairi na mpiganaji wa Aislandi wa karne ya 10, katika saga yake, yaani masimulizi marefu ya maisha yake, iliyoandikwa karne ya 13. Egill anafika nyumbani kwa bwana mmoja ambaye binti yake, Helga, anaugua na kukonda. Kijana wa jirani alikuwa amemchongea runi. Egill anaamuru binti ainuliwe, anapekua kitanda, anakuta kipande cha mfupa wa nyangumi chenye runi. Anazisoma, anazikwangua zote, anachoma mfupa wenyewe, na kuagiza matandiko yapelekwe nje kwenye upepo. Kisha anatunga shairi: mtu asichonge runi asizoweza kuzisoma. Runi kumi za siri zilikuwa kwenye mfupa ule, ndizo zilizomtesa binti. Kijana alitaka apendwe; hakujua anachoandika, akamletea maradhi. Egill anachonga runi mpya, anaziweka chini ya mto, na Helga anapata nafuu.

Kwa anayeanza leo, simulizi hiyo ina utaratibu mzima. Jifunze kwanza kuandika jina lako na sentensi fupi kwa runi 24 hadi usome bila kutazama karatasi. Chonga seti yako mwenyewe kwa mbao laini, vipande vya ukubwa mmoja, ili mkono uijue kila herufi. Paka mkato rangi nyekundu, kama ilivyokuwa kwenye mawe mengi. Usimchongee mtu asiyekuomba, hata kwa nia ya kumsaidia, na kabisa usimchongee mtu kwa ajili ya mapenzi. Ukikosea herufi, usiifunike kwa rangi. Ikwangue hadi mti mweupe utokee, kusanya makapi yote, uyachome, ndipo uanze upya.