Kwa nini kuni za mwanamke hazikuingia kwenye hesabu za taifa?

Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, mchumi kijana wa Kiingereza aitwaye Phyllis Deane alipewa kazi ambayo ilikuwa haijajaribiwa. Wachumi wawili, James Meade na Richard Stone, walikuwa wamebuni namna ya kujumlisha mapato yote ya Uingereza katika majedwali machache, ili serikali ijue ina uwezo gani wa kugharimia vita. Deane alitakiwa kuona kama majedwali hayohayo yangefaa katika makoloni, ikiwamo Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Zambia na Malawi za leo. Alianza kwa kusoma makaratasi akiwa London. Vita vilipokwisha akafunga safari, akaenda vijijini kujionea.

Huko majedwali yalikwama. Sehemu kubwa ya vitu ambavyo watu walikula na kutumia haikupita sokoni kabisa. Ilipita mikononi mwa wanawake waliolima, waliotwanga nafaka, walioteka maji, waliokwenda msituni kutafuta kuni, kisha wakapika. Deane alijenga hoja kwamba kuziacha kazi hizo nje ya hesabu hakuna mantiki, kwa sababu ukiziondoa, uchumi wa kijiji unaoandika habari zake si ule unaokiendesha kijiji. Hoja yake haikushinda. Mwaka 1953 Umoja wa Mataifa ulipotoa mwongozo wake wa hesabu za taifa, ulioandaliwa na jopo chini ya Stone, huduma ambazo familia inajifanyia yenyewe nyumbani ziliachwa nje. Nchi moja baada ya nyingine zikaufuata mwongozo huo.

Sababu zilizotolewa zina uzito, na sitaki kuzibeza. Kitu kisichouzwa hakina bei, kwa hiyo thamani yake ni ya kukisia. Tena, kama kazi za nyumbani zote ni ajira, karibu kila mtu mzima ana ajira, na takwimu za watu wasio na kazi zinapoteza maana. Lakini tazama upande wa pili. Hesabu hizohizo humchukua mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe kana kwamba anajilipa kodi ya pango. Hakuna hata senti inayotolewa. Wataalamu hukadiria tu kodi ambayo nyumba ile ingetoza, na makadirio hayo huingia kwenye pato la taifa bila ubishi. Kukisia hakukuwa tatizo kwa nyumba. Kulikuwa tatizo kwa anayeifagia.

Wala isidhaniwe kwamba kipimo hakikuwapo. Mwaka 1934, karibu miaka 20 kabla ya mwongozo ule, Margaret Reid, mchumi mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Marekani, alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya uzalishaji wa nyumbani. Alipendekeza swali moja jepesi: je, kazi hii unaweza kumwajiri mtu mwingine aifanye badala yako? Kama ndiyo, huo ni uzalishaji. Kupika, kufua na kumwangalia mgonjwa vinaingia. Kulala na kula haviingii, maana hakuna wa kukulia wala wa kukulalia. Watafiti wanaopima jinsi watu wanavyotumia saa zao za siku wanalitumia swali hilo mpaka leo.

Mtu anaweza kuuliza: hizi si tarakimu tu za kwenye vitabu? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, kwa sababu sera hutungwa kwa kutazama kinachohesabiwa. Chukua serikali inayobana matumizi, ikapunguza vitanda hospitalini na kuwaruhusu wagonjwa mapema. Kwenye vitabu vya wizara ya fedha huko ni kuokoa fedha. Lakini mgonjwa hajapona kwa sababu bajeti imepungua. Amehamia nyumbani, na kuna mtu amelazimika kuacha biashara, shamba au shule ili amwuguze. Gharama haikufutwa, imehamishwa kutoka mahali inapoandikwa hadi mahali isipoandikwa. Diane Elson, mchumi wa Uingereza, aliandika kwa kina juu ya uhamisho huu wakati nchi nyingi maskini zilipokuwa chini ya masharti ya mageuzi ya uchumi. Alionyesha kwamba mipango ile ilichukulia kazi ya wanawake kama kisima kisichokauka.

Ukubwa wa kisima hicho unakadirika. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa saa bilioni 16.4 hutumika kila siku katika kazi za utunzaji zisizolipwa, sawa na watu bilioni 2 wanaofanya kazi saa nane kwa siku bila mshahara. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake.

Je, waliotunga hesabu walikusudia kuwaonea wanawake? Sidhani. Mtu huuliza juu ya anachokijua, na waliokuwa wakiuliza walikuwa takribani wote wanaume, kwa sababu milango ilikuwa imefungwa. Mary Paley alifanya mtihani wa mwisho pale Cambridge mwaka 1874 na hakupewa shahada, kwa kuwa alikuwa mwanamke. Baadaye alifundisha uchumi, akaandika kitabu cha uchumi pamoja na mumewe, Alfred Marshall. Ilipofika zamu ya chuo kuamua kuhusu shahada kwa wanawake, Marshall huyohuyo alikuwa miongoni mwa waliopinga. Cambridge ilianza kuwapa wanawake shahada kamili mwaka 1948, na Mary alikuwa ameshafariki.

Kisa cha Elinor Ostrom kinanigusa zaidi, kwa sababu ni cha juzi tu. Akiwa msichana wa sekondari Los Angeles hakuruhusiwa kusoma trigonometria. Alipotaka kusomea shahada ya uzamivu ya uchumi, alikataliwa kwa kukosa hesabu hizohizo. Akaingia sayansi ya siasa. Kutoka huko aliwapinga wachumi waliokuwa wakiamini kwamba malisho, msitu au maji ya wote lazima yaharibike mpaka yamilikiwe na mtu binafsi au serikali. Alichunguza jamii zilizofaulu. Mfano mmoja alioutumia ni kijiji cha Törbel, Uswisi, chenye kanuni ya mwaka 1517: hakuna mwanakijiji atakayepeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko awezao kuwalisha wakati wa baridi. Sheria moja ya wafugaji wenyewe, na malisho yakadumu karne kwa karne. Mwaka 2009 Ostrom alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata tangu ilipoanza kutolewa mwaka 1969. Baada yake wamefuata Esther Duflo mwaka 2019 na Claudia Goldin mwaka 2023.

Sasa, kuna ushahidi kwamba sauti ya mwanamke ikisikika maamuzi hubadilika? Upo, na ulio bora umetoka vijijini India. Kuanzia mwaka 1993 katiba ya nchi hiyo ilitenga theluthi moja ya nafasi za uenyekiti wa mabaraza ya vijiji kwa wanawake, kwa zamu, na vijiji vya kila zamu vilipatikana kama kwa bahati nasibu. Ikawa kama jaribio la maabara. Raghabendra Chattopadhyay na Duflo walilinganisha vijiji katika majimbo ya West Bengal na Rajasthan, wakaangalia pia malalamiko ambayo wanawake na wanaume waliyapeleka mabarazani. Katika majimbo yote mawili wanawake walilalamikia zaidi maji ya kunywa, na palipokuwa na mwenyekiti mwanamke, fedha nyingi zaidi zilikwenda kwenye maji. West Bengal, ambako wanawake walidai barabara pia, barabara zilipata fedha zaidi. Rajasthan, ambako barabara zilikuwa kilio cha wanaume, zilipata pungufu. Kumbe si kwamba wanawake wana "moyo wa maji". Walileta barazani mahitaji yaliyowakabili mahali pale.

Bina Agarwal, mchumi wa India, alipeleka swali hilo msituni. Alichunguza kamati za vijiji zinazosimamia misitu ya jamii katika jimbo la Gujarat na nchini Nepal. Mwanamke mmoja katikati ya wanaume wengi aghalabu alinyamaza. Wanawake walipofika robo hadi theluthi ya kamati, walianza kuhudhuria na kusema. Na pale Nepal, kamati za wanawake watupu mara nyingi zilikuwa zimepewa misitu midogo na iliyochakaa zaidi, hata hivyo misitu hiyo ilichipua vizuri kuliko mingine. Anayetembea kutafuta kuni ndiye anayejua mti upi umekatwa jana.

Wachumi wanawake nao wanatofautiana wao kwa wao, tena vikali. Wapo wanaoamini soko kuliko serikali, na wapo kinyume chake. Ann Mari May na wenzake walipowahoji wanachama wa chama cha wachumi cha Marekani, waliona kwamba wanaume na wanawake wanakubaliana sana juu ya nadharia na mbinu za taaluma. Walipishana kwenye sera: kwa wastani wanaume waliegemea zaidi suluhisho la soko, wanawake wakaegemea zaidi hatua za serikali. Kama watu wenye elimu ileile wanafikia hukumu tofauti, basi chumba cha jinsia moja kinatoa ushauri uliopinda, hata kama kila aliyemo ni mwaminifu.

Kuingia chumbani hakutoshi, na hili napenda lisemwe wazi. Utafiti wa semina za wachumi nchini Marekani ulionyesha kuwa mwanamke anayewasilisha kazi yake huulizwa maswali zaidi kwa takriban asilimia 12 kuliko mwanamume, na mengi zaidi kati ya hayo ni ya kumdharau au ya ukali. Kwa hiyo jopo la sera linalotaka kweli kusikia linahitaji wanawake wa kutosha, linahitaji kupanga nani anasema na kwa muda gani, na linahitaji takwimu mezani. Bila takwimu za matumizi ya muda, hata mchumi hodari hubaki na hadithi dhidi ya majedwali ya wenzake.

Australia ilianza mwaka 1984 kuchapisha taarifa ya jinsi bajeti ya serikali inavyowagusa wanawake, na nchi nyingi zimeiga. Uruguay ilikwenda mbali zaidi: baada ya watafiti wanawake kuonyesha kwa takwimu za muda ni nani anabeba mzigo, sheria ya mwaka 2015 iliunda mfumo wa taifa wa utunzaji wa watoto wadogo, wazee na watu wenye ulemavu.

Na zile kuni za Deane? Mwongozo wa Umoja wa Mataifa ulifanyiwa marekebisho mwaka 1993. Sasa kukusanya kuni na kubeba maji kwa matumizi ya nyumbani ni uzalishaji unaopaswa kuhesabiwa. Kupika hakumo. Mwanamke anayerudi kutoka msituni na mzigo kichwani anachangia pato la taifa mpaka anapoutua jikoni. Akishawasha moto na kuinjika sufuria, kwa hesabu za taifa lake, amekwisha kazi.