Unapotumia mashine ya CPAP nyumbani na daktari yuko mbali

Kukoroma peke yake si ugonjwa. Ugonjwa huanza pale koo linapojifunga mtu akiwa usingizini: kifua kinahangaika kuvuta hewa, hewa haipiti, kisha mtu anashtuka kwa mkoromo mkubwa na kulala tena bila kukumbuka chochote asubuhi. Pumzi ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi tunahesabu tukio moja. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni apnia (kusimama kwa pumzi usingizini) hafifu, 15 hadi 29 ni ya wastani, na kuanzia 30 ni kali. Wengi hufika kliniki wakiwa wameshaambiwa na majirani kwamba wanakabwa na jinamizi, au wamesifiwa kwamba wana usingizi mzito kwa sababu ya kazi. Aliyelala hawezi kujua kinachompata. Anayejua ni mke, mume au mtoto anayelala chumba kimoja naye.

Makala haya ni ya mtu ambaye tayari amepimwa, ameandikiwa CPAP, mashine ya kusukuma hewa kooni usingizini, na sasa yuko nyumbani Sengerema au Ukerewe, mkoani Mwanza, na kliniki ni safari ya siku nzima. Kama hujapimwa, usianze na mashine ya kuazima. Mwambie anayelala nawe akurekodi video fupi kwa simu usiku, sauti na kifua vionekane, uende nayo hospitali. Video ya dakika mbili humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

CPAP ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, na msingi wake haujabadilika: feni ndogo inasukuma hewa kupitia bomba na barakoa ili koo lisijifunge. Haitengenezi oksijeni. Inachukua hewa ileile ya chumbani, na hili lina uzito kwetu, kwa sababu jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa mvua, au jenereta inayonguruma chini ya dirisha, itakufikia moja kwa moja mapafuni. Sumu ya moshi wa mkaa haina harufu na huua. Mkaa ubaki nje, jenereta iwe mbali na nyumba.

Sasa kwenye lenyewe. Watu wakishindwa na mashine hudhani presha yake ni kubwa mno au ndogo mno. Mara nyingi tatizo ni barakoa. Hewa ikivuja pembeni, presha haifiki kooni, macho yanakauka, mashine inapiga kelele, na mtu anaivua saa nane usiku na kuitupa pembeni. Kisha anakaza mikanda, na hapo anaharibu zaidi, kwa sababu silikoni iliyobanwa sana hujikunja na kuvuja kuliko mwanzo, na kuacha kidonda juu ya pua.

Fanya hivi. Osha uso kwa sabuni kabla ya kulala na usipake mafuta ya mgando sehemu inayokaa barakoa. Yanaitelezesha na yanaila silikoni taratibu. Legeza mikanda yote. Lala chali kwenye mto wako wa kila siku, washa mashine, weka barakoa usoni, kisha ivute mbele kidogo ili ule mto wake wa silikoni ujae hewa, na uirudishe taratibu. Ndipo ukaze mikanda, kushoto na kulia kwa pamoja, mpaka uvujaji ukome tu. Kidole kimoja kipite chini ya mkanda. Geuka ubavu, pitisha kiganja karibu na macho: ukihisi upepo, rekebisha ukiwa umelala hivyohivyo. Barakoa iliyofungwa mtu akiwa amekaa kitandani itavuja akilala, maana sura hubadilika. Wenye ndevu nyingi watapata shida zaidi na barakoa kubwa ya pua na mdomo. Ile ndogo ya puani huwafaa zaidi, ili mradi pua haijaziba na mdomo haufunguki usiku.

Kama barakoa inakupa woga wa kukosa hewa, ivae mchana ukiwa macho, ukiangalia taarifa ya habari, dakika 15 au 20, kwanza bila bomba, kisha na mashine ikiwa inafanya kazi. Mashine nyingi zina mpangilio wa kuanza na presha ndogo na kupanda polepole, utumie. Pua ikiziba, tumia matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa kabla ya kulala. Chandarua hakina tatizo: bomba lipite juu ya kichwa cha kitanda, pindo la chandarua lichomekwe chini ya godoro.

Kila asubuhi osha mto wa barakoa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, suuza, anika kivulini. Bomba lioshwe mara moja kwa wiki na kuning'inizwa mpaka maji yaishe ndani. Usitumie jiki wala spiriti. Kichujio kilicho nyuma ya mashine kiangalie kwenye mwanga kila wiki: kikiwa kijivu, badilisha, na kama ni cha kuosha, kioshe na kikauke kabisa kabla hujakirudisha. Kwenye nyumba za kando ya ziwa, misimu ya wale wadudu wanaokuja kama wingu, na kwenye barabara za vumbi, kichujio huchafuka mapema kuliko kitabu cha mashine kinavyosema. Usikibadilishe kwa kipande cha kitambaa. Kinabana hewa na feni inachoka.

Maji ya kichombo cha unyevunyevu, kile kinacholowesha hewa ya mashine, ni jambo linaloulizwa sana. Yanayotakiwa ni maji yaliyokenekwa (distilled water). Usinunue "maji ya betri" kienyeji tu dukani, kwa kuwa chupa za asidi nazo huuzwa mlemle na lebo huwa imefutika. Ukikosa maji yaliyokenekwa, tumia maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa, na umwage yaliyobaki kila asubuhi bila kukosa. Yataacha utando mweupe, ambao hutoka kwa kuloweka siki sehemu moja kwa maji sehemu kumi. Maji ya ziwa yasiyochemshwa yasiingie humo kamwe. Na kwa kweli, wengi wanaoishi karibu na ziwa wanaweza kulala bila kichombo hicho bila kukauka koo. Kijaribu kwa usiku kadhaa. Ukiona sawa, umepunguza kazi na umeme pia.

Umeme ndio mtihani wa pili. Ukikatika, vua barakoa, lala ubavu na inua kichwa na mabega. Usiku mmoja bila mashine si msiba kwa walio wengi, ila usiendeshe gari wala bodaboda asubuhi yake ukijisikia mzito.

Kwa anayeishi mwaloni au kisiwani kwenye sola, hesabu iko hivi. Mashine bila kichombo cha unyevunyevu na bila bomba la joto inaweza kutumia takriban wati 30. Kwa saa 8 ni wati-saa 240. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 600: usiku mbili hivi, pungufu kidogo ukipitia inveta. Ukiwasha joto, matumizi yanaweza kupanda mara mbili au zaidi. Soma kibandiko chini ya mashine yako: nyingine ni za volti 24 na haziungwi moja kwa moja kwenye betri ya 12, zinahitaji kibadilishi chake maalumu. Fundi wa sola aone kibandiko hicho kabla ya kukata waya. Betri ya asidi ikae nje ya chumba cha kulala, penye hewa.

Wavuvi wa dagaa mnaotoka na taa wakati wa giza na kulala mchana: mashine inafuata usingizi, haifuati usiku. Hata lepe la saa moja chini ya kivuli linahesabiwa.

Wapo wanaoletewa mashine zilizotumika na ndugu kutoka nje. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurejesha mamilioni ya mashine zake duniani, kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ndani yake ilikuwa ikimomonyoka na chembe zake kuweza kuvutwa na mgonjwa. DreamStation za toleo la kwanza zilikuwamo. Tafuta jina na namba ya mashine kabla ya kuipokea. Barakoa na bomba viwe vipya, na presha ipangwe upya na mtaalamu, kwani ile iliyomo ni ya koo la mtu mwingine. Mashine kongwe zina pia mpangilio wa mwinuko: Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na iliyopangwa kwa Dar es Salaam inaweza kutoa presha isiyo sahihi. Mpya nyingi hujirekebisha zenyewe.

Presha usiiguse. Unachoweza kusoma mwenyewe kwenye kioo cha mashine asubuhi ni vitu vitatu: saa ulizotumia, kiwango cha uvujaji, na matukio yaliyobaki kwa saa. Matukio yakiwa chini ya 5, mambo ni mazuri. Yakipanda, angalia uvujaji kwanza. Yakibaki juu kwa wiki nzima na barakoa haivuji, piga picha kioo hicho umtumie daktari kwa simu.

Pombe, iwe bia au gongo, hulegeza koo, na vidonge vya usingizi kama diazepam vinaweza kufanya hivyohivyo, usivinunue mwenyewe. Kupungua uzito husaidia sana lakini si ruhusa ya kuiacha mashine kabla ya kupimwa tena. Dawa za presha ya damu endelea nazo hata ukianza kujisikia mwepesi.

Kuna hali ambazo hazisubiri simu: midomo kuwa ya bluu, maumivu ya kifua, miguu kuvimba, kuchanganyikiwa au kichwa kuuma vikali kila asubuhi, damu ya pua isiyokoma, au kusinzia barabarani licha ya kutumia mashine kila siku. Usijiunganishie mtungi wa oksijeni; kwa baadhi ya wagonjwa huongeza hewa chafu mwilini kimyakimya. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, nao wakupe rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando, Mwanza mjini. Nenda na anayelala nawe, na ubebe mashine yenyewe, waya wake na barakoa, hata kama ni mzigo kwenye feri.