Uchomaji wa mapema ni nini?

Uchomaji wa mapema ni kuwasha moto kwa makusudi mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimeanza kukauka lakini bado zina unyevu. Katika hifadhi kubwa za savana kazi hii hufanywa na wahifadhi wenyewe, kwa mpango. Wengi hushtuka wakisikia hivyo, na siwalaumu.

Lakini savana hujiandalia kuni kila mwaka. Masika nyasi hurefuka, kiangazi hukauka zikiwa zimesimama, kisha radi, mrina asali au jangili huziwasha. Wahifadhi hawana uwezo wa kuuzuia moto milele. Wana uwezo wa kuuchagulia wakati. Moto wa mapema hutambaa chini, hukwama penye ubichi, na mara nyingi hujifia usiku umande ukishuka. Nyuma yake hubaki viraka: hapa pameungua, pale pamesalimika. Moto wa mwisho wa kiangazi hufagia kila kitu, tena kwa upepo.

Anayeumia hasa ni mti mchanga. Mti mkubwa una gamba nene na matawi yaliyo juu ya ndimi za moto. Mche wa kufika kiunoni huungua shina lote, ukachipua tena kutoka mizizini, na mwaka ujao ukaungua tena. Unaweza kuishi miaka mingi hivyo, mizizi mizee, shina changa. Unachohitaji ni miaka michache bila moto mkali, hadi kilele chake kipite kimo cha ndimi, na viraka ndivyo vinavyoupa nafasi hiyo. Palipoungua mapema huwa pia kinga moto, kwa sababu moto wa baadaye ukifika hapo haukuti cha kula. Majani mabichi yakichipua, swala hufuata.

Kiberiti si kila kitu, na Serengeti ni ushahidi. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaua pia nyumbu, ilipotoweka baada ya ng'ombe kuchanjwa, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi ambazo zingeungua, moto ukapungua, na miti ikarudi. Kwa maoni yangu, mpango wa moto usiohesabu walaji wa nyasi ni nusu mpango.

Kutochoma kabisa nako kuna madhara. Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ina vipande vya majaribio tangu 1954: vingine huchomwa kwa misimu na vipindi tofauti, vingine havichomwi. Kwenye mvua ya kutosha, visivyochomwa husongwa na vichaka. Kruger iliwahi pia kuchoma kwa zamu, vitalu vizima kila baada ya miaka michache, kisha ikaachana na utaratibu huo, maana ratiba isiyobadilika huifanya nchi yote ifanane na kuua viraka.

Ndiyo maana neno "mapema" halina tarehe. Mhifadhi hutazama nyasi, upepo na mvua iliyopita. Mwaka wa ukame, nyasi zikiwa haba, huenda asiwashe kabisa.