Mfupa uliounga hauwi imara kuliko ulivyokuwa

Imani kwamba mfupa uliovunjika ukishaunga huwa imara kuliko awali imedumu kwa muda mrefu, na si ajabu, kwa kuwa katika picha ya eksirei sehemu iliyounga huonekana nene kuliko pande zake. Unene huo, hata hivyo, ni wa muda tu. Mfupa ni kiungo hai: unapovunjika, damu huganda penye ufa, kisha seli hujenga gegedu laini, ambalo katika majuma yanayofuata hugeuka kuwa mfupa mpya usio na mpangilio mzuri. Hapo huanza kazi ndefu, ya miezi hata miaka, ambamo seli za aina moja huuondoa mfupa wa ziada huku nyingine zikijenga upya kwa kufuata uzito unaobebwa. Wakati huohuo, mguu uliofungwa plasta bila kukanyagiwa hupoteza madini, kwa hiyo anayerudi uwanjani mapema kwa kuitegemea imani hii anajihatarisha, jambo ambalo wagonjwa wanastahili kuelezwa waziwazi.

Mwaka 1965 Marshall Urist, daktari wa upasuaji wa mifupa nchini Marekani, alionyesha kuwa mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, huchochea mfupa mpya kuota. Protini zilizotambuliwa baada ya ugunduzi huo hutumika leo katika upasuaji wa uti wa mgongo na baadhi ya mivunjiko ya muundi, na lengo lake ni kuunganisha mfupa, si kuupa nguvu usiyokuwa nayo.