Dhana potofu kuhusu kutembelea misitu ya Usambara

Wengi wanaopanda kwenda Amani, juu ya Muheza, au Magamba, jirani na Lushoto, wanakuja na mawazo ya mbuga. Wamevaa kaptura, wanasubiri gari liwasogeze karibu na mnyama. Makosa yao mengi yanatokana na waliyoyasikia kabla ya kuanza safari.

"Hifadhi zote ziko chini ya TANAPA"

TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, husimamia hifadhi za taifa, kama Udzungwa. Ngorongoro ina mamlaka yake, na mapori ya akiba yako chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Amani, Nilo na Magamba ni hifadhi za mazingira asilia, na zinasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwa hiyo kibali cha taasisi moja hakikuingizi kwa nyingine, na ada hazifanani.

Malipo hupitia kontroo namba, yaani namba maalumu ya malipo ya serikali. Iombe na uilipe ukiwa bado mjini, kwa sababu huko mabondeni mtandao hukatika na mtu akabaki getini na noti mkononi. Raia abebe kitambulisho, maana bila hicho ni vigumu kudai ada ya mzawa. Uliza pia mapema kuhusu ada ya mwongozaji na ya kulala, kwani kwa kawaida haziko ndani ya kiingilio.

"Kiangazi hakuna mvua, kiatu chochote kinafaa"

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, lakini milima hii inapokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na manyunyu huweza kuja mwezi wowote. Udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni, na kwenye kona za kupanda bodaboda ndio wa kwanza kuanguka. Gambuti zinafaa kwenye tope ila huteleza kwenye mawe ya mtoni. Kiatu cha kamba chenye meno marefu ni bora. Suruali iingie ndani ya soksi, simu ndani ya mfuko wa plastiki. Lushoto iko kwenye mita kama 1,400, hivyo Juni na Julai sweta si pambo.

Ukikanyaga msafara wa siafu, usisimame kujikung'uta hapo hapo, maana wengine wanaendelea kupanda. Kimbia hatua kumi na tano au ishirini mbele, ndipo uwatoe mmoja mmoja kwa vidole.

"Humo hamna wanyama"

Hii husemwa na aliyeingia saa nne asubuhi, akiongea kwa sauti, akatoka saa saba. Mbega na kima wako juu kwenye matawi, na utawajua kwanza kwa majani yanayotikisika. Ingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tembea dakika tano, simama kimya dakika kumi, kisha endelea. Ndege wengi husikika kabla ya kuonekana, kwa hiyo anayejua milio ataona zaidi kuliko mwenye darubini ya bei.

Utajiri wenyewe ni wa viumbe wadogo, na wengi wao huonekana usiku. Kinyonga wa pembe tatu wa Usambara (pembe ni za dume) mchana huwezi kumtofautisha na majani. Usiku, akilala, rangi yake hupauka, na tochi ikimpiga hung'aa kwenye ncha ya kijitawi. Matembezi ya usiku yanahitaji ruhusa na mwongozaji, yaombe mchana. Na ule mlio wa kutisha kama mtu anayekabwa si chui. Ni perere, mnyama wa mitini anayezidi sungura kidogo tu.

"Kila mti mkubwa ni wa asili"

Hapa hata wapenzi wa mazingira hudanganyika. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa kilimo na wakaleta mimea kutoka kila pembe ya dunia: mkwinini, mdalasini, kafuri na mingine mingi. Bustani yao ya mimea ipo hadi leo, na inastahili nusu siku nzima.

Mgeni msumbufu kuliko wote ni Maesopsis eminii. Ni mti wa Afrika, lakini si wa milima hii. Ulipandwa kwa ajili ya mbao, kisha ukateka mapengo yaliyoachwa na ukataji wa magogo. Hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali, ndiyo maana unaukuta hata pasipopandwa. Utautambua kwa shina lililonyooka lenye gome la rangi ya majivu na mifereji ya wima, na majani yenye kingo za msumeno. Ukiona mingi imesongamana, basi msitu huo uliwahi kukatwa, hata kama leo umefunga kijani.

"Njia zipo, mwongozaji wa nini?"

Njia za watalii zinakatana na za wanavijiji, na za wanavijiji ndizo pana zaidi. Chini ya miti mirefu simu hukosea mahali ulipo. Giza huingia msituni mapema kuliko uwanjani, basi ikifika saa tisa alasiri, geuka, hata kama maporomoko ya maji hujayafikia.

"Kuchukua mche mmoja hakuna neno"

Dughulushi, ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya, lilianza safari yake Usambara miaka ya 1890, pale afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga alipopeleka mbegu kwao. Porini hukaa kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, katika sehemu chache sana. Mizizi yake imeshika tabaka jembamba la udongo juu ya jiwe. Ukiibandua unatoka na mche usio na kitu cha kushikilia, na mara nyingi hukauka kabla ya kufika Tanga. Kuung'oa hifadhini ni kosa kisheria. Piga picha, na usikanyage jiwe lenyewe, kwa sababu miche michanga haifiki ukubwa wa ukucha.